Alama Mbili za Bluu

Kila mwaka, ukungu wa Julai ukiwa bado umelala juu ya paa la darasa, nafika kwenye ile mada ya kumpa mtu pole kwa Kiingereza. Wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza, mikono imezama ndani ya masweta, wanaziimba sentensi nilizoandika ubaoni: nasikitika kusikia hayo, pokea rambirambi zangu, Mungu akutie nguvu. Wanaziimba kwa furaha kabisa, kwa sababu ni rahisi na hutoka kwenye mtihani. Mimi nasimama dirishani, nimewapa mgongo. Wanadhani mwalimu wao anasikia baridi. Kumbe nasikia simu.

Ilikuwa simu ya mtoto wa jirani yangu. Nasema mtoto kwa mazoea tu, maana alikuwa mtu mzima mwenye mvi zake. Alikwenda ng'ambo kusoma, akapata kazi, akaoa hukohuko. Mkewe hakuwahi kufika Njombe. Mama mtu alimjua kwa kumwona kwenye kioo cha simu: wanapungiana mikono, mama anasema "halo", mkwe anasema "shikamoo" kwa sauti ya kupanda mlima, halafu wote wawili wanacheka na kumgeukia mwanamume aliyekaa katikati awafikishie mengine. Bila yeye hawakuwa na neno la tatu.

Mwaka ule alikuja likizo peke yake, kumpandia mama yake miparachichi kwenye shamba la nyuma ya nyumba. Asubuhi moja alichimba mashimo, akakaa kwenye ukingo wa shimo moja, akaomba maji. Mama akaenda ndani kuyachota. Aliporudi na kikombe, mwanawe alikuwa amelala ubavu kama mtu aliyepitiwa na usingizi, na maji yale hayakupata mnywaji.

Msiba ulijaa haraka, kama kwetu unavyojaa. Wanaume wakafunga turubai, wanawake wakaja na unga, maharage na kuni kichwani. Mama akakalishwa kwenye mkeka, mgongo ukutani, blanketi mabegani. Mama wa marehemu kwetu hainuki pale mkekani mpaka mwili uende kaburini. Hapokei mgeni mlangoni, hatoki uani peke yake. Kazi yake ni kukaa na kulia, na wengine wote kazi yao ni kumzunguka asikae peke yake.

Baba mdogo wa marehemu, mzee mwembamba ambaye kofia yake ya sufi haitoki kichwani hata wakati wa sala, aliniita pembeni ya jiko la nje.

"Mwalimu, Kiingereza unacho. Mpigie mkwe wetu. Mwambie mumewe mgonjwa, aje upesi."

"Mgonjwa? Baba, mtu yuko mochwari."

"Najua aliko, mimi ndiye niliyempeleka. Sasa unataka umwambie hivyo akiwa peke yake kule, halafu apande ndege? Akianguka njiani utamwokota wewe? Mtu huambiwa akiwa mikononi mwa watu."

"Wenzetu huambiwa moja kwa moja."

"Hao wenzio ni wa kwenye vitabu. Huyu ni mkwe wetu. Tunamfanyia kama tunavyofanyiana."

Nilikasirika, na mpaka leo sijui kama nilikasirika kwa sababu alikosea au kwa sababu alikuwa na hoja. Mimi mwenyewe, baba yangu alipofariki, niliambiwa kwamba hajisikii vizuri, niombe ruhusa, nije. Nilianza kulia kabla sijafika stendi. Kondakta aliniangalia usoni tu, akanipa kiti cha mbele, hakuniuliza ninakwenda kufanya nini. Kila mtu alijua, hakuna aliyesema, na ule uongo ulinibeba hadi nyumbani kama mtoto anavyobebwa mgongoni. Lakini uongo ule ni wa watu wawili: anayeusema, na anayeupokea akijua anaambiwa nini. Mkwe hakulelewa kwetu. Nani angemfundisha kuusikia?

Nikampigia. Alinishukuru sana. Akaniuliza kama mumewe anakula. Nikajibu kwamba hali, na hilo halikuwa uongo.

Jioni hiyo simu ya marehemu ikalia. Ilikuwa kwenye rafu juu ya kichwa cha mama, imechomekwa kwenye chaji, kwa sababu hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuizima. Mlio wake ulikuwa mfupi tu, kama tone kwenye sufuria, na chumba kizima kikageuka kutazama rafu. Haikuwa na namba ya siri. Marehemu aliiondoa siku alipofika, ili mama yake aangalie picha za mkwe atakavyo. Mama akaomba apewe. Akabonyeza palipokuwa na kialama cha sauti, na sauti ya mwanamke ikatoka, laini, yenye haraka.

"Anasemaje, Mwalimu?"

Sikutaka. Wanawake wote walikuwa wananitazama.

"Anasema amepata ndege. Anasema, nisubiri. Naja."

Mmoja aliweka khanga mdomoni. Mama hakulia. Akabonyeza tena.

Kuanzia hapo simu ililia kila mara. Mkwe alimwongelesha mumewe akiwa uwanja wa ndege, akiwa anasubiri ndege nyingine, akiwa hana la kusema. Alimwambia amembebea sweta la kijivu analolipenda. Alimwambia asiogope hospitali. Mwisho wa kila ujumbe alirudia yaleyale: nisubiri, naja. Nilitafsiri mwanzoni, halafu nikatafuta sababu za kwenda kumenya viazi jikoni, kwa sababu kutafsiri maneno yanayopelekwa kwa maiti ni kazi ambayo chuo cha ualimu hakikunifundisha. Mama hakunihitaji tena. Aliishika simu kwa mikono miwili, akasikiliza, akarudia, akasikiliza, midomo yake ikicheza kidogo. Niliiogopa ile simu kuliko jeneza. Jeneza lilikuwa limekubali kwamba amekufa.

Nilichelewa kufahamu balaa lenyewe. Nililifahamu nilipokuwa napita na beseni la viazi, nikausikia ujumbe mmoja ambao mkwe anacheka huku analia. Alikuwa anasema: umesikiliza! Naziona alama, zimekuwa za bluu. Usijibu, usijichoshe, sikiliza tu.

Beseni nusura linidondoke. Kila mama alipofungua, kule alikokuwa, mkwe alionyeshwa kwamba mumewe ameshika simu yake na ameisikiliza. Sisi tulisema mgonjwa mara moja tu. Simu ilikuwa inamwambia yu hai, yu hai, yu hai.

"Mama," nikasema, nimepiga magoti, "tusifungue tena. Anadhani ni mwanao anayesikiliza."

Akanitazama. "Na nisipofungua, atadhani nini?"

Akafungua uliofuata.

Siku ya maziko tulikwenda kumpokea Makambako, mimi na baba mdogo, kwenye gari la kuazima. Alikuwa ametua Mbeya na ndege ya asubuhi, teksi ikamshusha kwenye mgahawa karibu na njia panda. Upepo wa Makambako ulikuwa unasukuma vumbi na mifuko ya plastiki barabarani, malori yanapumua, na katikati ya vile vyote amesimama mwanamke mrefu, kakumbatia begi. Alinitambua kwa sauti. Akanikumbatia, akafungua begi palepale kunionyesha dawa alizonunua na lile sweta la kijivu, kisha akanionyesha simu yake.

"Zote amesikiliza," aliniambia kwa Kiingereza. "Hata ya leo asubuhi."

Baba mdogo akafungua mlango wa gari. "Mwambie tutaongea nyumbani."

Nyumbani kulikuwa na jeneza sebuleni. Nyumbani kulikuwa na wanawake ambao, gari likionekana tu, wangepiga yowe na kulikimbilia, kama ilivyo desturi, ili anayefika ajue bila kuambiwa. Niliwaza hivyo njia nzima, mashamba ya mahindi yakipita, halafu miti ya mbao, halafu ukungu ukaanza kutupokea. Yeye alikuwa anauliza kama mama analala vizuri. Nilikuwa na sentensi zote za ubaoni kichwani, na hata moja haikuwa na mlango wa kutokea.

"Simamisha gari," nikasema.

"Mwalimu, tumekubaliana..."

"Baba, simamisha gari!"

Akasimamisha kando ya mipaini. Nikamshika mkwe mikono yote miwili, nikamwambia kwa maneno ambayo hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza angeyajua: amekufa. Alikuwa amekufa nilipokupigia.

Akatikisa kichwa, taratibu, kama anamsahihisha mtoto. "Lakini amesikiliza."

"Ni mama yake aliyesikiliza."

Alivuta mikono yake kutoka kwenye yangu. Akalikumbatia begi lake, na gari likaondoka mpaka getini.

Yowe likapanda kama nilivyojua. Wanawake wakalizingira gari, viganja vyao kwenye vioo, na mkwe akafunga mlango wake kwa ndani. Mimi na baba mdogo tulishuka tukawatuliza. Mchungaji alikuwa ameshavaa, kwaya imesimama, mawingu yanashuka juu ya turubai. Hatuwezi kumzika mtu huku mkewe amejifungia garini mita chache kutoka kwenye jeneza. Na hatuwezi kumwacha alale tena mochwari, kaburi liko wazi na mvua inakuja. Kila mtu alinitazama mimi, mwenye Kiingereza.

Nikaingia tena kwa mlango wa upande wangu nikakaa karibu naye. Nikasema nasikitika. Nikasema pokea rambirambi zangu. Nilisikia namna nilivyokuwa naongea: nilikuwa nasoma ubao.

"Usiniambie," alisema, bila kunitazama. "Sauti yako ndiyo iliyoniambia anaumwa. Sitaki kuisikia."

Ilinichoma, kwa sababu ilikuwa haki yake. Nikatoka. Baba mdogo alikuwa ameivua kofia yake ya sufi, anaizungusha mikononi, na kipara chake, ambacho sikuwahi kukiona, kilikuwa kimelowa manyunyu.

Ndipo wanawake waliokuwa mlangoni wakaanza kupisha. Mama alikuwa amesimama. Sijui nani alimruhusu kutoka mkekani, nadhani hakuna. Alivuka uwanja peku, blanketi linaburuza kwenye tope, mikono ya waliotaka kumrudisha akiipangusa kama utando wa buibui. Alifika garini akagonga kioo kwa kucha. Wale wawili wakatazamana kupitia kioo, kama walivyokuwa wakitazamana siku zote, ila safari hii katikati hapakuwa na mtu wa kugeukiwa.

Mlango ukafunguka. Mama akaingia, akakaa, akamvuta mkwe kichwa hadi kifuani pake. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, tayari kutafsiri, mazoea ni mabaya. Hakunipa kazi.

"Weit fo mi," alisema. "Am kaming. Am kaming."

Aliyasema kama yalivyotoka kwenye simu, haraka mwanzoni, yakilegea mwishoni, pumzi ilipokuwa pumzi na kituo kilipokuwa kituo. Ilikuwa sauti ya mkwe kabisa, imetoka kwenye kinywa cha bibi wa Kibena asiyejua Kiingereza. Mkwe aliinua uso akamtazama, na nikaona anayatambua maneno yake, nikaona anaelewa yalikofika. "Don ferai," mama akaendelea, usiogope, akimpapasa mgongo, akirudia ujumbe mmoja baada ya mwingine, hata sehemu za sweta na za ndege, zote, hakuacha kitu. Ndipo mwanamke yule akalia. Alilia kwa sauti ambayo haikuhitaji lugha, na wanawake wa nje wakaipokea.

Walishuka wameshikana. Tulizika mvua ikianza, lile sweta la kijivu likiwa ndani ya jeneza.

Kesho yake watu walipungua. Tulibaki wachache sebuleni, mkwe amekaa mkekani bega kwa bega na mama, amevalishwa kitenge na kofia ya sufi, uso umevimba. Nilikuwa namimina chai. Simu ya marehemu ikalia kwenye rafu, lile tone kwenye sufuria, na mimi nikamwaga chai sakafuni. Nilijiuliza ni nani tena duniani aliyekuwa hajaambiwa. Kisha nikaona simu ya mkwe iko mkononi mwake, kioo kinawaka. Alikuwa ameinama juu yake muda ule wote, anamnong'oneza mumewe, nasi tukidhani anasali.

Mkwe hakuinua macho. Alikuwa anaziangalia alama zake mbili, za kijivu.

Mama akaishusha simu kutoka kwenye rafu. Akabonyeza, akaiweka sikioni, akasikiliza hadi mwisho, bila haraka, macho amefumba. Ulikuwa ujumbe mrefu. Alipomaliza alimgusa mkwe goti. Alama zilikuwa zimegeuka za bluu.

Mkwe alirudi kwao, na baadhi ya jioni, nikiwa kwangu nasahihisha madaftari, naisikia ile simu kupitia dirishani. Mwili wangu unasisimka kila mara, sijazoea na sidhani kama nitazoea. Halafu inafuata kimya, kimya cha mtu anayesikiliza. Mama hajaniita hata mara moja kuniuliza anasemaje.