Muuguzi Aliyesubiri Mkojo wa Binti Yangu

Wiki iliyopita tulimzika Kibosho muuguzi mmoja mstaafu ambaye wengi wenu hamkumfahamu. Aliyezungumza kwa muda mrefu kuliko wote pale msibani alikuwa daktari mwenye zahanati yake mjini Moshi, ambaye alimsifu marehemu kwa ushirikiano wa karibu waliokuwa nao kikazi. Waombolezaji waliitikia kwa vichwa. Mimi niliinamia viatu vyangu, kwa sababu ushirikiano huo naujua. Nilikuwapo.

Ilikuwa miaka ile watu binafsi waliporuhusiwa kutoa tiba, na kila nyumba ya mjini yenye sebule ya kutosha ikageuka zahanati. Binti yetu wa kwanza alikuwa ametimiza wiki tano na macho yake bado yalikuwa ya njano. Mama yangu, aliyekuwa akimlisha mke wangu mtori wa ndizi na nyama na kumweka ndani kama uzazi wa kwetu unavyotaka, alisema mtoto aoteshwe jua la asubuhi. Jirani alisema ni maziwa ya mama. Mimi, mwenye digrii ya historia, nilisema itaisha yenyewe, nikarudi kusoma gazeti. Mke wangu alipozidi kusema kwamba mtoto hanyonyi vizuri, nilimwita nyumbani yule daktari wa msibani. Alikuja na gari jeupe, akailalamikia barabara ya Kibosho kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama mtoto, ambaye hata hakumvua nguo. Akaagiza glukosi na jua. Niliridhika kabisa, lilikuwa gari zuri.

Mke wangu hakuridhika. Kesho yake alimfunga mtoto mgongoni, akapita mbele ya mama mkwe wake kabla miezi mitatu ya uzazi haijatimia, jambo ambalo ukoo ulilijadili hadi mavuno ya kahawa, akashuka kwenye zahanati ya parokia. Nilimfuata ili nimrudishe. Nilimkuta muuguzi huyu tuliyemzika amekwisha kumpima mtoto uzito na kugundua kwamba tangu azaliwe hajaongezeka karibu chochote. Aliuliza rangi ya choo chake, akauliza kama mkojo unaacha madoa kwenye nepi, kisha akamsafisha vizuri, akampakata akiwa uchi, na kichupa safi mkononi, akawa anasubiri. Tukakaa hapo karibu saa nzima. Nikaona nimsaidie kwa elimu yangu.

“Sista, njano iko machoni,” nilimwambia. “Huko chini unatafuta nini?”

“Natafuta usichokiona, baba,” alijibu bila kuinua kichwa. “Hebu mshike mguu.”

Nikaushika. Mtoto alipokojoa, nusu iliingia kichupani na nusu ikaishia kwenye suruali yangu. Chini ya hadubini chembe za usaha zilikuwa tele. Alitueleza polepole kwamba mtoto mchanga mwenye maambukizi ya njia ya mkojo anaweza asiwe na homa hata kidogo, dalili yake ikawa hiyo njano isiyoisha. Na kwamba yakiachwa, yanaweza kuingia kwenye damu au kuharibu figo. Akaandika barua ya hospitali kubwa, akampa mke wangu, si mimi. “Leo,” alisema. “Msipitie nyumbani.”

Mtoto alilazwa, akachomwa sindano siku kumi. Kufikia ya nne alikuwa ananyonya kwa pupa, na kabla ya kuruhusiwa macho yalikuwa yameanza kuwa meupe. Mke wangu alilia. Mimi nilitoka nje ya wodi, kwa sababu niliyekuwa nimekwenda zahanati ya parokia kumrudisha mtoto huyo nyumbani, juani, nilikuwa mimi.

Daktari wa gari jeupe alipopata habari aliniambia alikwisha kuhisi hivyo tangu mwanzo. Hapo ndipo ushirikiano wa karibu ulipoanza: muuguzi akigundua, daktari akidai alijua.

Tulifungua soko, na wenye majibu wakajaa kila kona, waandishi wa magazeti tukiwamo. Mtu wa kukaa saa nzima akisubiri ukweli udondoke kichupani hakuwa na bei, kwa hiyo tulimwona wa bei nafuu. Basi mtoto wako akipitisha wiki mbili macho yakiwa bado ya njano, mpeleke akapimwe, na mkojo wake upimwe pia. Anayekupa jibu kabla ya kumpima mtoto, mshukuru kwa adabu, kisha uondoke. Hata akiwa baba yake.