Meza ya Terazo ya Mama Mkwe

Katika miaka yangu yote ya kutengeneza terazo, sijapata mteja niliyemwogopa kama mama mkwe wangu. Hakuwa mkali. Sauti yake tu ndiyo niliyoifahamu, tena kwa mbali, kutoka nyuma ya ukuta au ng'ambo ya uwanja. Kwa ukoo wao, mama mkwe na mkwe wa kiume hawakutani ana kwa ana. Nikimwona anakuja njiani, naingia majanini. Naye akiniona kwanza, enzi hizo magoti yake bado mazima, anachutama pembeni na kujifunika kitenge mpaka nipite. Chakula changu kililetwa na mtu mwingine. Nilikuwa nimemwoa binti yake, tuna watoto, na ungeniuliza mama mkwe wako anafananaje, ningekujibu kwamba ana kitenge cha bluu.

Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni, nikiishi Mpanda mjini na kujisifu kupita kiasi. Terazo ilinipa kiburi. Unachanganya saruji nyeupe na kokoto ndogo za marumaru, zile zilizokuwa zikitufikia kwa treni zikiwa kwenye magunia, unamwaga, unashindilia, unaacha igande. Hapo inakuwa mbaya, ya kijivu, haina mvuto wowote. Halafu unachukua jiwe la kusagia na maji, unasugua mpaka mabega yaombe radhi, na kokoto zinaanza kufumbua macho moja moja. Mwisho unapaka nta, na mwenye nyumba anaona sura yake sakafuni. Nilisugua sakafu za maduka na za ofisi, na siku moja, katika nyumba ya wageni, nikatengeneza meza ya jikoni ya kusimamia, bamba zima la terazo juu ya nguzo za matofali. Niliipenda ile meza kuliko sakafu zote. Watu, waliozoea kuona bamba kama lile juu ya makaburi tu, waliniuliza kama sasa nimeanza kujengea vyungu makaburi.

Kisha habari ikaja kutoka Majimoto, kwao mke wangu. Magoti ya mama yamegoma. Akisimama wima hana neno, anatembea mpaka kwenye majaruba ya mpunga na kurudi. Lakini akiyakunja kuketi kwenye kigoda, mpaka ainuliwe na watu wawili. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa amemwinulia jiko kwa matofali, lakini jiko peke yake halipiki. Kuchagua mchele, kukanda, kukata samaki, kupakua, vyote vilikuwa chini sakafuni. Basi mke wa shemeji akawa ndiye anayepika, na mama akawekewa kiti uwanjani.

Shemeji alitusimulia maneno ya mama yake, na mke wangu alilia alipoyasikia. Mama alikuwa amerudisha sahani ikiwa nusu, akasema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nyie mmeninyima jembe, mnanilisha tu. Nitakuwa mgeni kwenye nyumba yangu mpaka lini?" Tangu hapo alikuwa anakula kidogo, na anapungua.

Nikamwambia mke wangu, mama yako nitamrudishia jiko lake.

Meza ya jikoni haina kipimo cha watu wote. Unampima anayepika. Anasimama, anakunja mkono, unachukua kimo kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko, halafu unashuka upana wa kiganja. Kwa mteja mwingine ningempima mwenyewe kwa futi kamba. Kwa huyu, nilimwomba shemeji akamwambie mama akate fimbo inayolingana na kiwiko chake, anitumie. Fimbo ikaja imeviringishwa kwenye kanga kama mtoto mchanga. Nikaisimamisha ukutani. Ilikuwa fupi. Kuuliza si ujinga, nami nilijaribu. Nikamwambia mke wangu, "Hivi mama yako ni mtu wa kimo gani?" Akaniangalia kama nimemuuliza mama yake anaogaje. "Unataka kujua ya nini? Si ametuma fimbo?" Nikajiambia kumbe mama mkwe wangu ni kabibi kafupi, na nikamwonea huruma kidogo.

Nilipanda lori la mpunga lililokuwa linarudi tupu, na saruji yangu, na kokoto zangu, na mawe yangu ya kusagia. Nilipofika, mama alikuwa amehamia kwa jirani yake ili nipate nafasi ya kufanya kazi bila kumkwaza. Nikalimwaga bamba uwanjani, kwenye boksi la mbao, na nondo ndani, nikalifunika magunia mabichi. Asubuhi akapita mzee anapeleka ng'ombe, akaona lile bonge refu limelala chini ya magunia, akavua kofia. Akampa shemeji pole. Shemeji akasema ahsante, kwa sababu mtu akikupa pole utamjibu nini, na mchana watu wakaanza kuja mmoja mmoja kumlilia mama mkwe wangu, ambaye alikuwa kwa jirani anakula ubuyu. Ilibidi apige kelele kutoka ng'ambo ya uwanja ili waamini.

Lilipokuwa gumu nikalisugua. Nilianza na jiwe lenye meno, nikapaka uji wa saruji kuziba vitundu, nikarudia na jiwe laini. Kokoto zilitoka nyeupe, na chache zenye wekundu wa nyama ya samaki. Nilikuwa naimba. Nikajenga nguzo kwa kimo cha ile fimbo, tukalibeba bamba na wanaume wa jirani, tukalikalisha. Jiko la shemeji lilionekana limepanda juu mno pembeni yake, nikamwambia, shemeji, ndiyo maana kazi ya ujenzi tunaachiwa wenyewe. Akatazama meza, akatazama jiko lake, akajikuna kichwa. Alidhani fundi anajua anachofanya.

Mke wangu akawasili siku ya kuifungua. Aliingia jikoni mbele yangu, akasimama. "Baba watoto," akasema taratibu, "umemjengea nani?"

Sikupata nafasi ya kujibu, maana mama alikuwa anakuja, nami nikakimbilia nyuma ya ukuta. Nikasikia nyayo zikiingia. Kisha mke wangu akasema, "Mama, ile fimbo ulijipima vipi?" Na ile sauti ya mbali, safari hii karibu kabisa na sikio langu, ikajibu kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi.

"Nijipime mimi? Fimbo yenye mwili wangu aishike mkwe wangu mkononi, si ni kama amenishika? Nilimpima jirani."

Jirani yake nilimjua. Tulisalimiana kila asubuhi. Akisimama karibu na mbuzi, unafikiri mara mbili.

Ndani walianza kucheka, mama na binti, kicheko cha kushikana. Mimi sikucheka. Nilisikia kile kicheko cha mama kinapungua, halafu akasema kwa upole, "Nzuri, inang'aa. Nitawekea vyombo." Akatoka kwenda kwenye kiti chake cha uwanjani. Hayo maneno ya kuweka vyombo yaliniuma kuliko tusi. Meza inayomlazimisha kukunja magoti ilikuwa ni sakafu nyingine tu, ila imepakwa nta.

Nikaagiza fimbo nyingine, na mke wangu ndiye aliyempima mama yake. Alipoileta nilidhani ni mti wa kuangushia mapapai. Tukashusha bamba, nikaongeza matofali kwenye nguzo, nikayaacha yakauke. Siku ya kulirudisha, wanaume wengi walikuwa mashambani wanafukuza ndege kwenye mpunga, tukapatikana wachache. Sasa kimo kilikuwa kirefu, bamba ni lile lile. Tulilinyanyua mpaka vifuani, mimi nikiwa nimegandamiza shavu kwenye terazo yangu mwenyewe, na kona ya mbele yangu, aliyokuwa ameishika shemeji, ikaanza kushuka. Ndara yake ilikuwa imeteleza kwenye maji. Nilijua kabisa kinachofuata. Bamba la terazo likianguka halikwaruziki, linavunjika vipande viwili.

Halikuanguka. Kona ile ilisimama, kisha ikapanda, kwa ulaini, kama inayopandishwa na mtu aliyetwanga mpunga maisha yake yote. Nikaona kitenge cha bluu. Nikapandisha macho, na kitenge kikaendelea kwenda juu.

"Mkwe, usinitazame," alisema. "Nyanyua."

Nikageuza uso ukutani. Naye, naamini, aligeuza wake mlangoni. Tukalibeba hivyo, watu wawili waliolishika bamba moja na hawalioni, na shemeji akituongoza kwa mdomo: mama kushoto kidogo, shemeji rudi, mama shusha. Likakaa. Nikaweka pima maji juu yake, na hapo huna ujanja, fundi lazima atazame. Kiputo kilikuwa katikati. Ng'ambo ya kiputo alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye mwanya kama wa mke wangu, viganja vyake vimelala juu ya meza na mgongo umenyooka bila kuinama hata kidogo. Alikuwa ananitazama pia, kutoka juu.

"Ndiyo wewe," akasema. "Kumbe mfupi ni wewe."

Nilitozwa kuku kwa kumwona, na yeye akatozwa kuku kwa kunisemesha, na wakubwa wa ukoo wakawala wote wawili. Lakini kabla ya hapo, kesho yake mchana, harufu ya wali na samaki ilitoka jikoni na hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia. Kisha niliitwa ndani. Sahani yangu ilikuwa mwisho mmoja wa meza, yake mwisho wa pili. Yeye aligeukia dirishani, mimi nikageukia mlangoni, tukala tumesimama. Meza ilinifika kifuani, na kila tonge nililipandishia kiwiko kama mtoto anayekula kwa watu wazima. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kuieleza.

Nikamsikia nyuma yangu akikwangua sahani yake mpaka mwisho. Halafu akauliza, bado ameangalia dirishani, "Mkwe, umeshiba au nikuongeze?"

Nilikuwa nimeshiba mpaka shingoni. Nikasema, "Niongeze, mama."