Kila Chombo Bosi Alisema ni Chake

Saa mbili asubuhi, katika mji wa Brierley Hill, Uingereza, bado hakujapambazuka vizuri, na mvua ni ile ya kulowesha polepole. Katika chumba cha nyuma cha ukumbi wa mnada, Denise Raybould amevaa koti ndani ya nyumba. Analigeuza jagi dogo jekundu kichwa chini, analisogeza kwenye taa, kisha anapitisha kidole gumba kwenye kitako chake.

Denise ana miaka sitini na mmoja. Kazi yake ni kuchunguza vyombo vya kioo vya mapambo na kusema ni vya lini na vilitoka mikononi mwa nani. Analipwa pauni kumi na tatu kwa saa, siku tatu kwa wiki. Vingi huletwa na watoto wa mafundi wa zamani, wakishamzika mzazi na kuanza kufagia nyumba.

"Mikwaruzo ya uzee haina mpangilio," anasema. "Ikielekea upande mmoja kama nywele zilizochanwa, ujue kuna mtu kakisugua na msasa ili akuuzie uongo."

Kujua umri wa chombo, basi, si kazi ngumu kwake. Ngumu ni jina. Mafundi wa huku hawakuwa na desturi ya kutia sahihi. Mtu alikuja asubuhi, akapuliza kioo tanurini siku nzima, akaenda zake kunywa bia. Na chombo chenye jina la fundi hununuliwa kwa bei nzuri, kisicho na jina huishia kwenye boksi la vyombo vya bei poa.

Kwa miaka minne majina hayo yametoka kwa mtu mmoja, Derrick Fradgley, mwenye umri wa miaka themanini na minne. Ndiye aliyeongoza kikosi cha wapulizaji katika kiwanda cha kioo cha hapa, na Denise, aliyeingia pale akiwa na miaka kumi na sita kukata nakshi, mpaka leo anamwita Bosi. Tanuri lilizimwa zamani. Bosi sasa yuko kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mapafu yamechoka, macho nayo yamefifia.

Kila Alhamisi Denise alimpelekea chombo. Mzee alifumba macho, akakipapasa ukingo hadi kitako, kisha akatoa hukumu. Mwanzoni alitaja watu mbalimbali. Hiki cha Wilf, alikuwa na papara. Hiki cha yule mlevi wa Wordsley, lakini mkono wake, Mungu amrehemu, ulikuwa wa dhahabu. Denise aliandika kwenye kadi, mnada ukauza.

Baadaye kila alichopewa kikawa chake mwenyewe. Denise anasema alifurahi, akadhani bahati imewafungulia mlango na kazi za mzee zinaanza kurudi nyumbani. Mapenzi nayo yana upofu wake.

Mwezi wa kumi alimpelekea jagi hili jekundu. Safari hiyo hakutaka kuuliza kitu. Alitaka mzee alishike tu afurahi, maana umri wa jagi alishaujua kwa kishikio. Mafundi wa kale walikibandika kishikio juu kwanza, wakakivuta kushuka. Waliokuja baadaye wakageuza, wakaanzia chini na kupanda. Pale pa kuanzia kioo hubaki kinene. Siri hiyo Denise alifundishwa na Bosi mwenyewe, na kwenye jagi hili unene uko juu. Lilitengenezwa kabla babu yake Bosi hajazaliwa.

Mzee alilipapasa, akatabasamu. "Changu hiki, binti. Krismasi ile Keith wangu alipozaliwa."

"Kishikio kimeanzia juu, Bosi."

"Basi siku hiyo nilianzia juu. Wewe ulikuwepo?"

Wazee wenzake kwenye meza ya chai walicheka. Denise naye akacheka. Kisha akaenda kukaa kituoni, akaacha basi la kwanza lipite, na la pili pia.

Kesho yake alimweleza meneja wa mnada kila kitu, kwamba majina anayotoa Bosi hayaaminiki tena. Meneja alimsihi aache, mzee wa watu ana siku ngapi tena, na wanunuzi hawajalalamika. Denise hakuacha. Kadi zote za jina la Fradgley zimeondolewa, wanunuzi wanaarifiwa mmoja mmoja, na kwa kuwa vyombo visivyo na jina haviingizi pesa, kuanzia Januari yeye mwenyewe atabaki na siku moja ya kazi kwa wiki. Ukumbini wapo wanaomwambia kajitakia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

"Kuna watu walivifanya kweli vile vyombo," anasema, na macho yake yanalowa. "Walikufa wakiwa hawana kitu ila kazi yao. Mimi nikaichukua nikampa mtu mwingine, kwa sababu nampenda."

Alhamisi iliyopita nilimfuata kwa Bosi. Denise alikuwa na keki tu. Mzee aliitazama mikono ya Denise, akaitazama tena.

"Leo hakuna aliyekufa?"

"Hakuna, Bosi."

"Basi umeniletea nini?"

Denise alimkatia keki. Mzee aliila, vidole vyake vikipapasa ukingo wa sahani. Niliona huzuni ambayo sijui niiweke wapi.

Hata hivyo Denise ana mpango. Nyumbani, kwenye dirisha la jikoni, ana bakuli la bluu lenye ukingo uliopinda kidogo. Bosi alilipuliza wiki ya harusi ya Denise, na Denise mwenyewe alisimama pembeni ya tanuri akitazama mwanzo mpaka mwisho. Halijawahi kufika mnadani. Alhamisi ijayo atalifunga kwenye taulo ampelekee.

"Nataka aseme 'changu' mara moja tu, nami nijue ni kweli," anasema.

Namuuliza, je, akilipapasa na kusema si lake?

Denise analifuta jagi jekundu, analiweka rafuni, na kwenye kadi anaandika: *Kabla ya 1870. Fundi hajulikani.* Anafunga kalamu yake.

"Hapo nitamwambia, Bosi, mimi nilikuwepo."