Barua ya fundi baiskeli kwa chuo cha ng'ambo

Saa moja kasoro robo asubuhi, Barabara ya Tisa, Ngamiani, jijini Tanga. Safari Kombo amepindua baiskeli, tandiko chini, magurudumu juu, na analizungusha gurudumu la nyuma kwa kidole kimoja. Linakwenda vizuri nusu mzunguko, kisha linayumba. Anaguna.

"Ya mwanamke hii," anasema kabla hajaulizwa. "Na kaangukia kushoto."

Mwenye baiskeli hayupo. Safari anachukua spana ndogo ya spoki, anakaza moja, analegeza nyingine, anazungusha tena. Hana haraka. Ana miaka 54, na kona hii amekaa miaka 26.

Kuziba pancha ni shilingi 1,000, kunyoosha ringi 4,000, na siku njema anarudi nyumbani na 20,000. Watani wake wanasema jina la baba yake lilimtabiria. "Baba yangu Kombo, na mimi kazi yangu kunyoosha vilivyokwenda kombo," anasema. "Basi ndivyo nilivyopangiwa."

Lakini wiki hii watu watatu waliokuja kumwona hawakuwa na baiskeli. Walikuwa na watoto wao waliomaliza kidato cha sita, na walichotaka ni barua.

Habari hii ilianza na msichana wa jirani, Samiha. Tangu kidato cha pili alikuwa akija kibandani kila Jumamosi, anafunga kanga kiunoni juu ya gauni na kujifunza kunyoosha ringi. Hakutumwa na mtu. Mama yake alidhani atachoka baada ya mwezi; Samiha akakaa miaka minne.

Mwaka juzi, mwalimu wake wa fizikia, Yudith Mhina, alimsaidia kuomba nafasi katika chuo kikuu kimoja cha ng'ambo, pamoja na ufadhili wote. Mlango wa chuo hicho ni mwembamba. Mwalimu anakumbuka kwamba mwaka ule, katika kila waombaji mia walichukuliwa wanne.

"Huku kwetu alama zako ndizo zinazokuingiza chuo," anaeleza Mwalimu Yudith. "Kule, wote wanaoomba wana alama. Kwa hiyo wanakuuliza kitu cha pili: ukitoka darasani, unafanya nini ambacho hukuamrishwa? Watoto wa shule za gharama wana midahalo, wana piano, wana kuogelea. Anayesoma fomu akishapita midahalo mia mbili anachoka. Akikuta msichana ananyoosha ringi, anakaa sawa kwenye kiti."

Anaharakisha kuongeza kwamba baiskeli haina dawa. "Dawa ni kwamba Samiha alikuwa anaipenda kweli kazi ile, na ilionekana. Ukiigiza, inaonekana vilevile."

Fomu ilitaka barua ya mtu aliyemsimamia. Safari, aliyeishia darasa la saba, aliandika kwa penseli kwenye karatasi ya daftari: "Samiha ameniharibia ringi kumi na moja. Ya kumi na mbili iko barabarani mpaka leo." Mwalimu Yudith, aliyekuwa akitafsiri, alikaribia kuifuta sentensi ya kwanza. Akaiacha, lakini roho juu.

Siku ya usaili kwa njia ya kompyuta, walimgusia Samiha fizikia kidogo tu. Dakika ishirini zilizobaki walitaka habari za zile ringi kumi na moja: ya kwanza iliharibikaje, ya tano je, na kwa nini hakuacha. Leo yuko mwaka wa pili.

Basi wazazi wakasikia. Baba mmoja alikuja na gari kutoka Muheza, na gunia la machungwa kwenye buti.

"Alitaka niandike kwamba kijana wake amekaa kwangu miaka mitatu," anasema Safari. "Nikamwuliza kijana, spana ya spoki ni ipi hapa? Akanionyesha pampu."

Na machungwa? "Yalikwisha shushwa," anajibu bila aibu. "Tuliyala. Lakini barua hakupata."

Kuwakatalia wa mbali ni rahisi. Mwezi uliopita ombi lilitoka ndani ya nyumba yake. Chiku, kitinda mimba wake, alikuwa anaomba chuo kilekile kilichomchukua Samiha. Alama anazo nzuri sana. Kwenye sehemu ya shughuli za nje ya darasa alikuwa ameandika neno moja: "Hakuna."

"Akaniambia, baba, niandikie kama ulivyomwandikia Samiha," anasimulia Safari. "Na huyu mwanangu, grisi ikimgusa ukucha anaoga. Spana ameshika labda mara mbili, na zote alikuwa ananipa mimi."

Akakataa. Nyumba ikanuna siku tatu. Chiku alimwamkia shikamoo kwa sauti ya kusomea risala, na chai ilikuja haina tangawizi. Safari anakiri kwamba zile siku tatu zilimuuma. Alijua wazi kwamba kule ng'ambo hakuna atakayekuja Barabara ya Tisa kuhakikisha. Mistari miwili ya penseli ingeweza kumpa mwanawe maisha mengine.

"Msema kweli mpenzi wa Mungu, tunasema kila siku," anasema. "Ni rahisi kama anayeumia ni mtoto wa mwenzio."

Mkewe, Shadya, hakumwomba aseme uongo. Huyu ndiye humletea chakula cha mchana kibandani, na huja kwa miguu. Kinyozi hajinyoi: mke wa fundi baiskeli, miaka 25 ya ndoa, hakuwahi kuonekana juu ya baiskeli. Siku ya tatu alitua bakuli la wali, akasimama.

"Baba Chiku, uongo umeukataa, umefanya vyema," alimwambia. "Na ukweli je, umeutafuta? Wewe mtu asiye na spoki humwoni."

Safari anasema hakuelewa, na wali ulimshinda.

Alasiri ileile akaja Mwamvua, mwanamke wa miaka 52 anayeuza ndizi Soko la Mgandini. Alikuwa anaikokota baiskeli yenye ringi iliyopinda, kwa mara ya tatu katika mwezi mmoja, na alikuwa anacheka.

"Nisamehe fundi, nimeanguka tena," akasema. "Lakini mwanao kasema kesho ananiachia."

"Mwanangu yupi?"

"Kwani wewe hujui?"

Hakujua. Tangu alipokuwa kidato cha tatu, Chiku amekuwa akiwafundisha wanawake watu wazima kuendesha baiskeli, kwenye kiwanja cha mpira, baada ya swala ya alasiri. Alianza na jirani mmoja aliyechoka kutembea na ndoo ya samaki kichwani. Jirani akamleta dada yake, dada akamleta shoga yake. Wamekwisha fika kumi na saba.

Chiku hukimbia upande wa kulia ameshika tandiko. Mwanafunzi akitishika hukwepa upande usio na mtu, na huko ndiko anakoangukia. Kwa miaka mitatu Safari amekuwa akishangaa ringi zinazopinda kushoto, akalaumu barabara, akalaumu na viwanda vya ringi.

Chiku, mwenye miaka 19 na sauti ya chini, anasema hakuficha kitu. "Nilidhani shughuli lazima iwe na mlezi, na cheti, na fulana," anasema. "Ule kwangu ulikuwa mchezo tu. Nikikaa siku mbili bila kwenda kiwanjani, mwili hautulii."

Mwalimu Yudith alipoambiwa alishika kichwa. Anasema kila mwaka anakutana na mtoto anayeandika "Hakuna" kwenye sehemu ile, na kila mwaka akimhoji hukuta kitu ambacho mtoto hakukihesabu kwa sababu kilikuwa karibu mno naye.

Usiku huo Safari aliandika. Nakala anayo, imekunjwa ndani ya kopo la gundi ya kuzibia pancha. Inasema hivi:

"Huyu ni binti yangu, kwa hiyo msiniamini mimi. Baiskeli hajui kuitengeneza na hataki kujua. Anachojua ni kukimbia na mtu mzima anayeogopa, ameshika tandiko, mpaka mtu yule asahau kuogopa. Mimi nilikuwa nalipwa kunyoosha ringi zilizopinda katika masomo yake, na sikuwa na habari. Waulizeni waliofika. Majina yao yako nyuma."

Nyuma ya karatasi, wanawake wenyewe waliandika, kila mmoja jina lake na safari yake. Mwamvua, ambaye kesho yake aliachiwa kweli, Ngamiani mpaka Mgandini. Anjela, Duga mpaka Pongwe, na mtoto nyuma. Karatasi ilizunguka siku mbili mitaani, ikarudi ina alama ya dagaa pembeni.

Jina la kumi na saba liko chini kabisa, mwandiko mdogo: "Shadya, nyumbani mpaka kona ya Barabara ya Tisa. Kurudi bado."

"Nikasoma mara mbili," anasema Safari. "Nikamwuliza, Shadya yupi huyu? Akaniambia, kwani unao wangapi?"

Mbona hakumwambia? Shadya, ambaye amefika na bakuli wakati mazungumzo yakiendelea, anajibu mwenyewe. "Angenicheka. Halafu angenipa nasaha za breki mpaka nisinzie. Hapa nilifika alfajiri, kabla hajafungua, nikarudi naikokota."

Barua imekwenda, pamoja na ile karatasi yenye alama ya dagaa. Majibu yatatoka mwezi wa tatu. Mwalimu Yudith anaonya kwamba nafasi bado ni ya wanne kwa mia, na barua nzuri haigeuzi hesabu hiyo. Chiku ameomba pia Dar es Salaam. Safari anasema akikubaliwa kule mbali atafurahi, na atalia, na hajui kipi kitatangulia.

Gurudumu aliloanza nalo asubuhi sasa linazunguka bila kuyumba. Anaigeuza baiskeli, anaisimamisha, anafuta tandiko kwa kiganja. Mwandishi anamwuliza ni ya nani.

"Ya Mama Chiku. Nimeiunga mwenyewe, vipande vya huku na huku, ringi tu ndiyo mpya. Ilikuwa mpya." Anamtazama mkewe, na mkewe anatazama barabara. "Nataka kabla majibu hayajatoka awe anakuja na kurudi. Chiku akiondoka, wa kushika tandiko nitakuwa mimi. Tumeanza wiki iliyopita."

Anaendeleaje?

"Yeye hana tatizo," anasema Safari. "Analalamika kwamba mimi siachii."