Bei Niliyoiacha Mfukoni

Nakumbuka asubuhi moja kule mtaani Mususa, mwanangu, nilipotaja bei kwa sauti ndogo, na hata leo naona haya. Nakuita mwanangu ingawa nimekupita miaka tisa tu, maana wewe ni mtoto wa kaka yangu mkubwa, na wiki ijayo unaanza kulinda nyumba ya watu. Barua hii nimeiandika upya mara tatu. Unanijua: hata karatasi ya kwenda nayo sokoni naibadilisha ikiwa na doa.

Mama Masika, muuza vitenge wa jumla, alikuwa anakwenda Kampala siku kumi kuchukua mali. Alitaka mtu wa kumlindia nyumba, mbwa wake, na simbilisi wapatao ishirini, wale wanyama wadogo wa kufugwa wanaokula majani, waliokaa jikoni kama kwetu sote, chini ya meza na nyuma ya mafiga. Mbwa aliitwa Duani, yaani forodha, kwa sababu kama watu wa huko, hakuacha mtu apite langoni bila kumsimamisha. Kazi hii hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nimekaa siku mbili nikipima: kufika asubuhi na jioni, kukata majani, nauli ya pikipiki, kufagia. Nikapata faranga elfu tano kwa siku, nikaandika kwenye karatasi safi.

Aliponiuliza bei alinitazama tu, hakuwa mkali. Karatasi ikabaki mfukoni. Nikasema elfu mbili.

"Ni sawa," akasema, akanipa ufunguo.

Elfu mbili haikutosha hata pikipiki, kwa hiyo nikakubali nyumba nyingine mbili, kila moja upande wake wa mji. Siku ya nne nilifika kwa Mama Masika saa kumi jioni badala ya asubuhi. Duani alikuwa amelala mlangoni na sahani yake imejaa kama nilivyoiacha jana yake. Hakula bila mtu kuketi karibu naye, na mimi sikuwa na nafasi ya kuketi.

Kabla sijashika mlango wa jiko nikasikia miluzi. Simbilisi wote, kwa pamoja, walikuwa wananiita. Siku nne tu, mwanangu, na walikuwa wamekwisha kuijua miguu yangu. Mimi niliyejiuza kwa bei ya woga nilikuwa nangojwa kama mwenye nyumba. Nikafungua. Sakafuni hapakuwa na jani hata moja, na wawili wadogo walikuwa wamekufa.

Nikawapigia simu wenye zile nyumba nyingine, wakakubali baba yako aendelee nazo. Siku zilizobaki niliketi karibu na Duani mpaka amalize sahani.

Mama Masika aliporudi nilimweleza yote kabla hajatua mfuko wake. Nikamwekea mezani feza zote alizonilipa kabla ya safari. Akazirudisha kwangu kwa kidole.

"Siku ile uliogopa macho yangu, niliona," akasema. "Na mimi nikanyamaza, juu bei ilinifurahisha. Donc kosa ni yetu sisi wawili. Mais bale babili badogo, nani atabarudisha?"

Nikatazama upande wa jiko, walikofia wale wawili wadogo.

"Mwezi ujao niko narudia Kampala. Sema bei, ile ya karatasi."

"Elfu tano, mama."

"Elfu ine."

"Hapana, mama. Kwa elfu nne siwezi kufika mara mbili kwa siku."

Alinitazama vile vile kama siku ya kwanza, kisha akacheka. "Na ulikuwa umeificha wapi hiyo sauti?" Akaniwekea ufunguo kiganjani, akanifumba vidole. "Sasa naweza kulala Kampala."

Basi, mwanangu, bei ya haki ni ile itakayokuwezesha kufika kila siku uliyoahidi. Usiipunguze kwa kuogopa uso wa mtu, usiipandishe kwa kuona gari uani. Pima kazi yenyewe, kisha itaje ukimtazama anayekuuliza. Ila jirani akifiwa na kwenda kuzika kijijini, huyo usimtajie bei; mlindie tu, ndivyo tunavyofanya. Mimi bado naogopa kila mara kabla ya kutaja, na ninataja.

Mungu akupe sauti isiyotetemeka na miguu isiyochelewa, na kila jiko utakalolikaribia likupigie miluzi.