Fundi Biira na Kadi ya Pili

Saa tano asubuhi, Biira Marita amepiga magoti kwenye sakafu ya ofisi ya sekondari moja ya binafsi mjini Bwera, Uganda, karibu na mpaka wa Kongo, tochi mkononi, akichungulia nyuma ya kompyuta. Taa ndogo ya kijani inawaka pale waya wa mtandao unapoingia. Mtandao wenyewe hakuna.

Nyuma yake amesimama Mwalimu Anselme, mzaliwa wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, anayefundisha Kifaransa na ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kusajili watahiniwa. Usajili unafungwa leo saa kumi jioni. Majina, picha na programu ya kuvituma vimo ndani ya kompyuta hii tu.

"Batoto makumi ine na moja, madame," anasema Anselme. "Kama leo haiingie, bataikala ku nyumba mwaka muzima."

Biira anazidi kuchungulia. Akiwa kazini hana maneno mengi, na hata mwandishi wa makala haya alijikuta akinong'ona.

Ana miaka thelathini na minne, mtoto wa wakulima wa kahawa wa Kyondo. Ufundi aliupata Kasese, katika kambi ya jeshi alikokuwa akiuza chapati. Koplo wa mawasiliano, mwanamke aitwaye Lakot, alimfuma akichungulia dirishani. "Wewe, ingia. Keti. Usiguse kitu, soma kwanza," afande alimwamuru, na Biira akakaa miaka miwili.

Leo anahudumia shule na zahanati kumi na moja kati ya Bwera na Kikorongo. Karibu zote zinaendesha kompyuta zao kwa mfumo wa Linux, maana hailipiwi na haibagui mashine kuukuu.

Ijumaa iliyopita radi iliua kompyuta ya shule hii. Biira akafanya kama wafanyavyo mafundi wa huku: akaitoa diski iliyopona na kuipandikiza katika kompyuta nyingine kuukuu. Ikawaka, majina yote yapo. Mtandao hakuujaribu, kwa kuwa siku hiyo shule haikuwa na bando.

"Hiyo kosa iko yangu," anasema bila kupepesa.

Ameshabadilisha waya. Sasa anachomoa kadi ya mtandao, ile sehemu inayoiunganisha kompyuta na wenzake, na kuweka nyingine aliyokuja nayo mkobani. Anawasha, anaandika amri, mistari inateremka kwenye skrini. Kadi inaonekana na ni nzima, ila haiunganiki. Saa saba inapita. Anselme ametoka nje mara tatu, na kila akirudi anaikodolea macho saa ya ukutani kana kwamba ndiyo yenye makosa.

Hapo Biira anaacha kugusa. Anasoma upya, polepole, kwa kidole. Kisha anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mwalimu, hii mashine iko Mukonzo."

Kompyuta hii huzipa kadi majina kwa namba. Kadi iliyokuja na mashine hii imeitwa ya pili. Aliyoipandikiza leo imeitwa ya tatu. Ya kwanza, ile iliyouawa na radi, bado imeandikwa kwenye diski, na maagizo yote ya kuunganisha yanaitafuta yenyewe.

"Ah," anasema Anselme. "Ni sawa kwetu."

Kwa Wakonzo, na kwa ndugu zao Wanande wa Butembo, jina hufuata nafasi ya kuzaliwa. Huku Bwera msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho. Masika akifa, Biira hapandi kuchukua jina lake.

"Ukiuliza mama iko na watoto wangapi, anasema sita," Biira anaeleza. "Sisi tuko watano. Masika alikufa na miezi nane, mimi hata sikumuona. Lakini mama anaanza kuhesabu kwake."

Anairudisha kadi ya pili, anafungua faili la maagizo na kubadilisha jina kwenye mstari mmoja. Saa nane na robo, ukurasa wa usajili unafunguka.

Anselme anakaa na kutuma jina moja moja, akilitamka kila moja kwa sauti. La arobaini na moja linapokelewa saa tisa na dakika arobaini. Mwalimu anavua miwani na kufuta macho, na hakuna anayemcheka.

"Ile ya kwanza, madame, utaifuta?" anauliza. Mafundi wengi huufuta mstari wa kadi iliyokufa ili mpya ichukue jina lake.

"Hapana. Haisumbui mtu. Iache ikae."

Mwakani Biira anataka kufungua chumba karibu na soko la Mpondwe, awafundishe wasichana kazi hii. Ameshafufua kompyuta nne. Mama yake ameahidi kuteremka kutoka Kyondo siku ya ufunguzi.

Kibao cha mlangoni kimeshachorwa. Amekificha nyuma ya kabati, ndani ya gunia la kahawa, mama asikione kabla ya siku yenyewe. Kina neno moja tu: Masika.