Mbeleko ya Mtu Asiye na Miguu

Siku yangu ya kwanza kazini Louisville, Marekani, msimamizi wa mstari hakunipeleka kwenye cherehani. Alinipeleka kwenye chumba kidogo chenye winchi, akanionyesha kitambaa kizito kilichoning'inia kwa mikanda minne. Ndani yake mlikuwa na magunia ya mchanga.

"Hiki ndicho tunachoshona," alisema. "Mgonjwa asiyeweza kusimama hulazwa humu, winchi inamnyanyua kutoka kitandani. Mshono ukiachia, hana mkono wa kujikinga. Umeelewa?"

Nilielewa kuliko alivyodhani. Nilikuwa fundi cherehani kambini Kigoma kwa zaidi ya miaka ishirini, tangu tulipokimbia Burundi. Huko nguo ikifumuka, mteja ananuna, unarudia. Hapa mtu angeanguka. Siku nzima kila mshono niliukagua mara tatu. Jirani yangu kwenye mstari, mama Mkongo wa kutoka Uvira, aliniona.

"Bon, baba, ogopa kidogo tu," aliniambia. "Ukiogopa sana utajishona kidole."

Sisi tuliita vile vitambaa mbeleko, ingawa vilibeba watu wazima. Kazi yangu ilikuwa mshono wa sanduku: mraba wenye msalaba ndani, pale mkanda unapoungana na kitambaa. Nilishona masanduku kwa miaka minne. Sikubuni chochote. Wakati wa mapumziko nilichora mikato mingine kwenye vipande vya katoni, nikavificha kwenye begi kama mtu aliyeiba.

Shemeji yangu alipotuita mji wa Columbus, nilipata kazi kwenye karakana ya sampuli. Hapo ndipo mbeleko mpya hukatwa na kujaribiwa kabla ya kwenda kiwandani. Mkuu wa sampuli alikuwa mtu mrefu, wa maneno machache. Siku moja aliviona vile vipande vya katoni mezani kwangu. Nilidhani nimekwisha. Alivigeuza kimoja kimoja, kisha akasema, "Kuna tatizo limetushinda. Jaribu wewe."

Tatizo lilikuwa watu waliokatwa miguu yote miwili juu ya magoti. Mbeleko ya kawaida hupitisha mikanda chini ya mapaja. Mtu asiye na mapaja marefu huteleza mbele, anachungulia sakafu. Wengi walikuwa wanakataa kunyanyuliwa kabisa, wanabaki kitandani.

Nilikata, nikafumua, nikakata tena kwa wiki kadhaa. Jibu lilitoka kwenye suruali. Kambini nilikuwa na mteja, mwalimu mnene, ambaye suruali zake zilichanika kila mara kwenye msamba. Nilizoea kumpachikia hapo kipande cha pembe nne, ili kitambaa kipate nafasi ya kumfuata anapokaa. Nikaweka kipande kama hicho kwenye kiti cha mbeleko, nikakiongezea kina kwa nyuma. Mfuko ukatokea, ambamo mwili ungeegemea wenyewe. Nilipouona umekaa sawa nilisimama nikautazama tu. Sijui niieleze vipi furaha ile. Nilikuwa na zaidi ya miaka hamsini, na kitu ambacho hakikuwepo asubuhi kilikuwa mbele yangu.

Tuliijaribu kwa magunia, kisha mimi mwenyewe nikaingia, miguu imekunjwa na kufungwa. Ilishika. Mkuu akaagiza sita zipelekwe nyumba moja ya kutunzia wazee huko Hilliard, nje kidogo ya mji. Nilizishona Ijumaa, kwa haraka, na jioni ile ile gari likazichukua.

Jumapili nilikuwa kanisani, nimevaa koti nililokuwa nalo kazini Ijumaa. Niliona uzi mweupe umenasa kwenye mkono wa koti. Nikauvuta, ukakatika.

Uzi wa mbeleko ni wa nailoni, haukatiki kwa vidole. Ule ulikuwa uzi wa bandi, tunaoshikizia vitambaa kwa muda kabla ya kushona. Nikakumbuka kwamba Ijumaa uzi uliniishia katikati, nikachukua mwingine kwenye sinia bila kusoma karatasi yake. Zote mbili zilikuwa nyeupe. Jasho likanitoka mgongoni, watu wanaimba. Nikisema, nitafukuzwa. Nisiposema, labda mtu ataanguka, na sikujua ni ipi kati ya sita.

Nilimgusa shemeji bega. "Nipeleke Hilliard."

"Sasa? Ibada haijaisha."

"Sasa, shemeji. Tafadhali."

Tukaenda moja kwa moja kwenye ile nyumba ya wazee. Muuguzi wa zamu alinisikiliza akiwa amekunja uso, maana Kiingereza changu kilikuwa kinakimbia.

"Tano ziko kabatini," alisema. "Moja iko bafuni. Mzee wetu anaogeshwa."

Tulikimbia. Mzee alikuwa ananing'inia juu ya beseni la kuogea, mwembamba, amefumba macho. Sikuuliza ruhusa. Nilipiga magoti, nikapitisha mikono chini ya kiti cha mbeleko, nikambeba hivyo hivyo huku wakimteremsha polepole mpaka kwenye kiti cha magurudumu. Mikono yangu ilikufa ganzi.

Akafumbua macho. "Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyeishona."

"Usiichukue," alisema. "Hii ya kwanza nisiyoona nayo sakafu."

Niliukagua mshono wake. Ulikuwa nailoni, mzima. Ule mbovu niliupata kabatini, kwenye mbeleko ya nne. Niliuvuta kwa mikono mitupu mbele ya muuguzi, mkanda ukang'oka. Alijiziba mdomo.

Jumatatu niliiweka ile mbeleko kwenye meza ya mkuu wa sampuli, nikaeleza yote. Alivuta nyuzi zilizobaki moja moja.

"Ulipofika huko, uliogopa?"

"Bado naogopa, bosi."

"Kuanzia leo uzi wa bandi utakuwa mwekundu," alisema. "Na hakuna kazi itakayotoka bila mtu wa pili kuikagua. Hilo ni kosa langu. Rudi mezani."

Miaka ya mwisho nilifanya kazi mji wa Buffalo, ambako binti yangu alikuwa ameolewa. Mwenye karakana ya huko, mama aliyewahi kuwa mtaalamu wa tiba ya viungo vya mwili, alinipa kazi za mtu mmoja mmoja: huyu ana mgongo uliopinda, yule bega moja halipo. Kila mwili ulidai mkato wake. Kila asubuhi, kabla ya mkasi kugusa kitambaa, nilipima upya kila kitu. Macho yalipoanza kunidanganya kwenye mistari ya chaki, niliaga mwenyewe, kabla ya kuambiwa.

Sasa nakaa nyumbani, mtaa wa East Side hapa Buffalo. Juzi binti yangu aliniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kama niliwahi kuifurahia kazi ile. Nilimjibu kwa Kiingereza pia: ndiyo, sana, na niliogopa kila siku.

Alidhani nimekosea neno. "Baba, unataka kusema ulikuwa makini."

Hapana, nilimwambia. Neno la makini nalijua. Niliogopa, na nilifurahi, na sikuwahi kupata siku yenye kimoja bila kingine.